Paul Murunga Wanyama, Aliyefundisha Kuanguka Kabla ya Kupiga

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 10 Agosti 1957, hapa Eldoret, ni Paul Murunga Wanyama, mwalimu wa mieleka na ngumi. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Wanyonyi, kama alivyoyapata kwa mke wa marehemu, Mama Rosebella Nelima, wakiwa wameketi jikoni kwake juzi na jana. Nelima aliomba mambo yasemwe jinsi yalivyokuwa, na msomaji asipandishe sauti.

Murunga alizaliwa mwezi wa Julai 1914, wakati wa kuvuna wimbi, huko Chwele karibu na Kimilili. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Wanyama na marehemu Mama Nangila. Mwaka wa 1923 baba yake alipata kazi ya kuendesha maksai kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Turbo, na familia yote ikahamia huko. Watoto wa wafanyakazi walichunga pamoja, Wabukusu na Wanandi, na ng'ombe wakishashiba wao walishikana mieleka. Murunga alikuwa mwembamba. Aliangushwa na karibu kila mtu. Mamake alipenda kumsimulia Nelima jinsi kijana huyo alivyokuwa akirudi nyumbani na nyasi kwenye nywele, naye badala ya kununa humshika mdogo wake mkono na kumwonyesha polepole: leo fulani aliniangusha hivi, alitanguliza mguu huu, mimi nikakosea hapa. Mdogo wake huyo, ambaye ndiye anayewasomea, aliangushwa mara nyingi sana kwa ajili ya maelezo hayo.

Mwaka wa 1926 alirudishwa Chwele kwa nyanya yake ili asome katika shule ya misheni ya Friends pale Lugulu. Alibatizwa huko, akapewa jina Paul, na alifika darasa la nne. Alitahiriwa mwaka wa 1930 pamoja na rika lake. Kutoka shuleni alibeba kusoma, kuandika, na ule utaratibu wa Friends wa kukaa kimya katika ibada, ingawa alikiri kwamba siku hizo, watu wote wakifumba macho, yeye alikuwa akiwaza mieleka.

Alikuja hapa mjini Eldoret mwaka wa 1934, wakati wazee wengi bado waliuita Sisibo, akaajiriwa kwa Mhindi mmoja mwenye yadi ya mbao. Alipasua mbao kwa msumeno wa mkono hadi mwaka wa 1940, alipojiandikisha katika Keya, jeshi la Waingereza. Kambini ndipo alipovaa glavu kwa mara ya kwanza. Rafiki yake mkubwa huko alikuwa Walubengo, kijana wa Kimilili, ambaye alilala kitanda cha pembeni yake na kula naye sahani moja.

Nelima alisema sehemu inayofuata isirukwe. Pasaka ya mwaka wa 1942 kambi yao ilifanya mashindano ya ngumi, na Murunga na Walubengo walipangwa kupigana wao kwa wao. Wote wawili walicheka walipoambiwa. Wiki moja kabla, Walubengo alikuwa ameanguka mazoezini na kugonga kisogo. Kichwa kilimuuma, lakini alinyamaza, kwa sababu hakutaka kuondolewa kwenye mashindano. Katika raundi ya pili Murunga alimpiga ngumi ya kawaida, wala haikuwa kali. Walubengo aliketi chini kama mtu aliyechoka, akalala, na hakuamka tena. Alikufa kesho yake. Uchunguzi ulifanywa, na ikaandikwa kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumiwa. Murunga alikuwapo ikisomwa. Alimwambia Nelima miaka mingi baadaye kwamba alisikiliza kila neno na hakuna lililoingia.

Alipelekwa Burma mwaka wa 1944. Mwezi wa Oktoba lori lao liliteleza kwenye matope, likalala ubavu, na bega lake la kulia likateguka vibaya. Alikaa hospitali India miezi mingi. Bega lilirudishwa mahali pake lakini mkono haukupanda. Mganga wa mazoezi alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kidogo kidogo, kama buibui, hadi pale maumivu yanapoanza, hapo asimame, apumue, kisha ashuke. Kesho yake apande tena, bila kulazimisha. Kwenye kitanda cha jirani alilala askari mmoja wa Kihindi aliyekatwa mguu. Kila asubuhi askari yule aliketi wima na kunyamaza, na Murunga alimuuliza anaomba nini. Yule alimjibu kwamba haombi chochote, anasikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, na wazo likija analiona, halifuati, anarudi kwenye pumzi. Murunga alijaribu, akaona inafanana na ibada ya Lugulu ambayo hakuwa ameitumia. Siku za mwanzo alimwona Walubengo tu. Aliendelea kuketi hata hivyo.

Aliachiliwa jeshini Januari 1946. Kabla ya kufika kwa wazazi wake alipitia Kimilili, kwa mama yake Walubengo. Yule mama alikuwa amepewa habari kwamba mwanawe alikufa mchezoni. Murunga alimwambia kwamba aliyempiga ni yeye. Mama akasema, "Umekuja mwenyewe. Kula kwanza." Akampikia ugali na kuku, akamtazama akila. Jioni walipokuwa wakiagana alimwambia, "Ukizaa mvulana, mpe jina lake, nipate mtu wa kuita." Tangu hapo Murunga alikuwa akienda kumtembelea kila Desemba, akimtengenezea paa na kumpasulia kuni, na hakuwahi kukosa hata alipokuwa mgonjwa.

Nelima na Murunga walijuana katika kanisa la Friends hapa mjini mwaka huohuo. Nelima alikuwa akiwafulia Wazungu wa nyumba moja ya upande wa juu wa mji, na alisikia habari za askari aliyerudi ambaye hanywi pombe wala hazungumzi. Alidhani ana majivuno. Siku moja baada ya ibada alimkuta nyuma ya kanisa, uso ukutani, akipandisha vidole. Alimuuliza kama anatafuta mjusi. Murunga alimweleza habari za bega lake kwa urefu sana, na Nelima husema hakuna mwanamke aliyewahi kutongozwa kwa maneno mengi ya mifupa namna ile. Mahari ilipelekwa kwao, na walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1946. Kabla hajamposa alimwambia yote kuhusu Walubengo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Novemba 1947, akapewa jina hilo. Nangila alifuata mwaka wa 1950, na Wanyama mwaka wa 1954.

Murunga alirudi kwenye yadi ya mbao, akawa msimamizi. Jioni alifundisha vijana katika ghala la ngano lililoachwa nyuma ya reli, na kundi lao likaitwa Klabu ya Sosiani. Walikuja makarani, wapagazi, wakamuaji wa mashamba, Wabukusu, Wanandi, Wakeyo, yeyote aliyekuwa tayari kusubiri. Maana kwake kulikuwa na kusubiri. Mgeni hakugusa glavu kwanza. Alitandikiwa magunia yaliyojazwa majani makavu ya mahindi, akafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uwe wa duara, mkono upige chini bapa wala usinyooshwe kujizuia, kwa sababu anayejizuia kwa mkono ulionyooka huvunja kifundo. Kituyi, karani wa duka, aliyekuja na viatu vipya vya mazoezi, alianguka hivyo wiki baada ya wiki mpaka akauliza ataanza lini kupigana. Murunga alimjibu kwamba ameshaanza. Kituyi alikasirika akaenda, akarudi Jumatatu, na leo ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Wengi waliofundishwa naye wako hapa na wanayajua haya, lakini familia inaomba yasikike, kwa sababu yanaweza kumfaa mtu. Aliwataka waanze kwa kutembea haraka mpaka jasho litoke, ndipo wanyooshe viungo, kamwe si mwili ukiwa baridi. Aliwaambia ngumi hutoka kisiginoni, ikapitia kiunoni, na mkono ni wa kuifikisha tu. Aliyetegua kifundo cha mguu alipelekwa kuuweka kwenye maji ya mto Sosiani, yale ya asubuhi yenye baridi, kisha akafungwa kitambaa, lakini kisibane hadi vidole vife ganzi, akalala na mguu juu. Uvimbe ukipungua alitakiwa kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kila siku, hata kama anaona ni mchezo wa kitoto. Hakuruhusu mtu kukandwa penye uvimbe mpya. Mfupa uliovunjika hakuugusa. Alimfunga mtu ubao na kumpeleka hospitali mwenyewe kwa baiskeli. Na mwisho wa mazoezi wote waliketi chini, migongo wima, wakanyamaza na kusikiliza pumzi. Wengine walisinzia. Aliwaacha.

Kuhusu kichwa alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala. Aliyepigwa akazimia, au akaona vitu viwili viwili, au akaumwa kichwa kesho yake, hakurudi kupigana mpaka maumivu yaishe kabisa na mwezi mzima upite baada ya hapo.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkosanisha na Kipngetich. Kijana huyu wa Moiben, mtoto wa mkulima, alifika klabuni mwaka wa 1949, na Nelima anakumbuka mumewe akirudi nyumbani akasema tu, "Leo amekuja mmoja." Hakumsifu tena baada ya hapo, lakini alikuwa akikawia sana ghalani. Mwaka wa 1952 Kipngetich alichaguliwa kwenda mashindano ya Nakuru. Siku chache kabla ya safari alipata kiwiko cha bahati mbaya kwenye paji la uso, akaanguka, akaamka akiuliza ni nani amezima taa, na jua lilikuwa bado linawaka. Kesho yake alikubali kwamba kichwa kinamuuma kidogo. Murunga alichukua glavu zake akazitundika.

Walibishana nyumbani, Nelima akiwa anachambua maharagwe. Kipngetich alisema babake ameshauza fahali kwa ajili ya safari, kijiji kizima kinajua, na kichwa sasa kimetulia. "Mwalimu, mimi niko sawa."

"Hata Walubengo alikuwa sawa," Murunga akasema.

Kipngetich alisimama, akamuaga Nelima kwa adabu, akaondoka. Alisafiri na lori la ngano, akapigana chini ya mwalimu mwingine, na akashinda. Hakupata dhara lolote, wakati ule wala baadaye. Alirudi na kikombe, wakampitisha mitaani kwa nyimbo. Watu walisema Murunga ameogopa, wengine wakasema ana wivu, na karibu nusu ya vijana walihama klabu. Nelima mwenyewe alimwambia mumewe wazi kwamba amekosea na aende akampe mkono kijana wa watu. Murunga hakubishana. Jumapili iliyofuata alipanda baiskeli hadi Moiben. Baba yake Kipngetich alimkaribisha vizuri, akampa mursik, maziwa ya mgando, wakaongea habari za mahindi. Kipngetich alikuwa ndani na hakutoka. Murunga aliacha salamu za pongezi, akarudi na giza likiingia, akala, akalala. Wale wawili hawakusemezana kwa miaka minne na zaidi. Murunga aliendelea na waliobaki, na hakuibadilisha sheria.

Ugonjwa ulianza Juni 1956. Nelima aliona kikombe kinamtoka mumewe mkononi, akadhani ni lile bega la zamani. Baadaye maneno yakawa yanachelewa, kisha mguu wa kulia ukaanza kuburuta. Daktari alimpima akauliza kama amewahi kupigwa kichwani. Murunga alicheka kidogo, akasema hiyo ilikuwa kazi yake. Daktari alieleza kwamba kuna kitu kinaharibika ndani ya ubongo, huenda ni kwa sababu ya mapigo ya zamani, huenda siyo, na kwamba hana dawa yake. Walirudi kwa miguu. Njiani Nelima alimuuliza kama amesikia alichoambiwa, naye akasema amesikia. Walinunua sukari na mafuta ya taa, wakafika nyumbani. Nelima anasema hakumbuki walizungumza nini jioni hiyo.

Alijitibu kama alivyotibu wengine. Alipandisha vidole ukutani, aliandika herufi hewani kwa mguu, na kila asubuhi aliketi kimya. Mwanzoni Nelima alitarajia kwamba atapona. Ilipofika Krismasi alijua kwamba vidole vinafika chini zaidi kila wiki, na Murunga pia alijua, lakini aliendelea, na Nelima hakumzuia. Alimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua. Alijibu kwa shida kwamba mkono bado ni wake.

Mwezi wa Februari mwaka huu Kipngetich alifika. Alikuwa ameacha ngumi, ameoa, ana ng'ombe wa maziwa Moiben. Alisimama mlangoni akauliza kama Mwalimu anatembea. Nelima akamwambia hatembei peke yake. Tangu siku hiyo alikuja kila alipoleta maziwa mjini, akamshika Murunga mshipi kwa nyuma, kiganja kingine chini ya kwapa, jinsi alivyofundishwa kumshika mtu aliyeumia, wakashuka polepole hadi Sosiani na kurudi. Siku moja Nelima alifuatana nao kuchota maji, akasikia Kipngetich akiuliza lile alilokuja nalo.

"Mwalimu, ile safari ya Nakuru, uliona kwamba ningekufa?"

Murunga alichukua muda mrefu kuyapanga maneno. "Sikujua," akasema. "Ndiyo maana nilikataa."

"Nikashinda."

"Ulishinda. Nilifurahi sana." Akapumzika. "Bado ningekataa."

Kipngetich aliitikia kwa kichwa. Hakuomba msamaha, na Murunga hakuomba. Walipofika nyumbani walikunywa chai, na Kipngetich akakaa mpaka mvua ilipokatika.

Mwezi wa Julai, baridi ilipozidi, Murunga alipata homa ya mapafu. Alitibiwa, ikapungua, ikarudi. Jumanne tarehe 6 Agosti, asubuhi, Nelima alitaka kubadilisha shuka. Kipngetich alikuwa amefika na maziwa, akamwinua Murunga kitandani na kumshika kifuani kama mtoto, ili Nelima atandike. Nelima alikuwa ametandika upande mmoja Kipngetich aliposema kwa sauti ya chini, "Mama, amekuwa mzito."

Nelima alitazama akaona. Akamalizia kutandika. Alinyoosha shuka upande wa pili, akaingiza pembe zote nne chini ya godoro, akaweka mto, kisha akamwambia Kipngetich amlaze. Wakamlaza. Nelima alitoka nje akawapa kuku mahindi, halafu akamtuma jirani kwa Wanyonyi. Amesema hivyo hivyo, bila kuongeza, na imeandikwa hivyo hivyo.

Marehemu amemwacha baba yake, Mzee Wanyama. Mke wake, Rosebella Nelima. Watoto wake Walubengo, Nangila na Wanyama. Ndugu yake Wanyonyi na shemeji yake Esther. Mama yake marehemu Walubengo, aliyesafiri kutoka Kimilili na ameketi hapa pamoja na familia, naye amehesabiwa kama mzazi. Kipngetich, Kituyi na vijana wote wa Klabu ya Sosiani, waliopo na waliohama.

Mama Nelima hajalia. Watu wamekuja wakamshika mabega, wakamwambia alie, na wengine wamenong'ona. Anaomba wamwache. Jana alisema kwamba amejaribu kuketi asubuhi kama mumewe, akasikiliza, na hakusikia huzuni wala kitu kingine chochote, ila pumzi. Hapo Kituyi, aliyekuwa anapasua kuni mlangoni, akamwambia jambo ambalo Murunga aliwaambia ghalani kila mtu alipoumia vibaya. Kwamba pigo kubwa halisikiki mwanzoni, na mtu asidanganyike akasimama kujaribu mguu. Aketi pale pale alipoangukia, watu wakae naye, mpaka mwili utakapokuwa tayari kusema umeumia wapi. Nelima alimsikiliza, akamsogezea kiti. Kituyi aliacha kuni akaketi.

Basi leo tutakaa na Mama Nelima. Na wewe Murunga, mwana wa Wanyama, mume wa Nelima, umefika chini; Mungu akupokee polepole, na upumzike kwa amani.